Je, Wajua? Ajira za mafuta mahali pasipo na kisima

Je, wajua kwamba neno bodaboda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda? Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walivusha abiria kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, huku wakinadi "boda, boda!", yaani mpakani. Petroli nayo ilipita njia hizo hizo. Bei ikipishana baina ya nchi mbili, madumu yalifungwa nyuma ya baiskeli, baadaye pikipiki, yakapenya vichochoroni. Ni magendo, na hakuna anayeiandika kazi hiyo kwenye barua ya kuomba ajira, lakini ilikuwa ajira ya mafuta kabla mafuta ya Hoima, magharibi mwa Uganda, hayajajulikana.

Uganda ilitangaza kugundua mafuta mwaka 2006. Hata hivyo, petroli yake bado hutoka ng'ambo, sehemu kubwa kupitia Mombasa. Bomba la mafuta la Kenya lilifika Eldoret na Kisumu mwaka 1994, likakomea hapo. Mwaka uliofuata nchi hizo mbili zilikubaliana kulifikisha Kampala, baadaye kampuni ya Tamoil ya Libya ikapewa kazi, lakini bomba halikujengwa. Pengo hilo, linalozibwa na malori, ndilo linalowalisha watu wa Malaba, kituo kingine cha mpakani wilayani Tororo, na wa Busia: dereva wa tanka, utingo, wakala wa forodha, mbadilisha fedha, mama wa chapati.

Januari 2022 madereva waligoma mpakani wakipinga ada ya kupimwa korona. Siku chache tu, na sehemu nyingine za Uganda lita moja ya petroli ikapita shilingi 10,000. Ukitaka kujua uzito wa dereva, mwache aegeshe lori.

Foleni ya malori mpakani ina wapenzi wake, ingawa hawasemi. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, humkagua msafiri mara moja badala ya mbili. Dereva alishukuru; muuza chakula alipoteza wateja waliokuwa wakisubiri.

Na bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, nchini Tanzania? Lina urefu wa kilomita 1,443, na halipiti huku. Kazi za namna hiyo huhitaji wachomeleaji na madereva wengi wakati wa ujenzi. Mafuta yakianza kutiririka hubaki mafundi wachache wa mitambo. Huko Kabaale, Hoima, kumepangwa kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 ya mafuta kwa siku. Kikijengwa, petroli itatoka huko; dereva wa Malaba, anza kuizoea barabara ya Hoima.