Mgonjwa wa akili naye aulizwe anachokiogopa

KATIKA nyumba zetu nyingi mgonjwa wa akili akishapata nafuu huulizwa swali moja tu: umekunywa dawa? Akijibu ndiyo, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayemuuliza kwa nini hatoki nje, kwa nini kaacha kwenda sokoni, na kwa nini siku ya Ijumaa anaswali Adhuhuri chumbani ilhali msikiti uko jirani.

Jibu analo mwenyewe. Wiki hii, ndugu msomaji, tutazame tiba ambazo wagonjwa wenyewe wameshirikishwa kuzitengeneza.

Mojawapo hutumia kinachoitwa uhalisia pepe. Mgonjwa huvaa kifaa kinachofunika macho, mithili ya miwani mikubwa. Ndani yake huona picha za kompyuta pande zote. Akigeuza shingo anaona upande mwingine, hata mwili ukahisi kwamba yupo mahali pale kweli. Mwenye kuogopa watu anaweza kupanda basi la picha, akazoea macho ya abiria, na akizidiwa akavua kifaa akajikuta yupo salama kitini pake.

Huko Uingereza, Profesa Daniel Freeman wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walibuni tiba ya aina hii iitwayo gameChange, wakishauriana na watu waliowahi kuugua. Mahali palipowekwa ndani yake ni pa kawaida kabisa: mlango wa kutokea mtaani, basi, duka dogo, mkahawa, baa, na chumba cha kumsubiri daktari. Mtu asiyeyajua maradhi haya angedhani hofu inahitaji jambo kubwa zaidi. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 346 na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Baada ya wiki sita, walioitumia pamoja na matibabu yao ya kawaida walikuwa na hofu ndogo kuliko waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Kufikia miezi sita tofauti ilikuwa imefifia kwa wengi, ikabaki kwa wale ambao hofu yao ilikuwa kali zaidi.

Ipo nyingine isiyohitaji miwani, iliyoanzishwa London mwaka 2008 na Profesa Julian Leff. Mgonjwa anayesikia sauti za kumtukana hukaa mbele ya kompyuta akaunda sura na sauti inayofanana na ile inayomsumbua. Daktari huizungumzisha sura hiyo, na mgonjwa hujifunza kuijibu na kuikatalia, mpaka ukali wake unapungua. Daktari gani angeijua sura ile bila kuambiwa na mwenyewe?

Sasa turudi kwetu. Baa ya Kiingereza itamsaidia nini kijana wa Kiislamu wa Mbeya? Yamkini hofu yake ni Soko la Mwanjelwa, daladala iliyojaa, au safu ya msikitini ambapo bega linagusa bega na hawezi kuondoka bila watu kuona. Mwenzake wa Iringa atataja stendi. Binti atataja jikoni kwenye shughuli, pale wanawake wanaponong'ona naye akaamini kwamba anasemwa yeye. Tiba isiyojua haya itamzoesha mahali ambapo hana haja ya kwenda.

Na kumshirikisha mgonjwa hakuhitaji kompyuta. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kule Muhimbili, Dar es Salaam, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Marekani wamejaribu programu iitwayo KUPAA. Asili yake ni Marekani, ikarekebishwa ilingane na maisha ya hapa. Mgonjwa huingia pamoja na ndugu anayemhudumia, nao hukaa na familia nyingine wakitafuta ufumbuzi wa matatizo ya nyumbani. Mgonjwa amo ndani ya kikao, anasema.

Watakaosema sauti hizo ni majini wapo. Kisomo na kiendelee, lakini dawa za hospitali zisikatwe kwa sababu hiyo.

Kuhusu kifaa chenyewe, mwenye kifafa amweleze daktari kabla ya kukivaa, kwani picha za kumetameta huweza kuamsha kifafa. Wengine hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Tena kinagusa nyuso za watu wengi, hivyo kipanguswe kwa dawa ya kuua vijidudu kila kinapobadilisha mtu.

Kabla ya tarehe ya kliniki, iwe Mbeya au Iringa, kaeni naye kwa utulivu. Aandike, au aandikiwe kwa maneno yake: wapi anaogopa, saa ngapi, na nani akiwapo hofu hupungua. Karatasi hiyo mpeni daktari, na mgonjwa awe ameketi humo ndani anasikiliza, asiachwe kwenye benchi la nje.