Fahamu: Roboti wa Japani mwenye uso wa kinyago

Roboti anayehudumia wateja katika mkahawa wa DAWN jijini Tokyo hafikiri mwenyewe. Anaitwa OriHime-D, ana kimo cha takriban sentimita 120, na anaendeshwa na mtu aliye mbali, mara nyingi mgonjwa au mlemavu asiyeweza kutoka nyumbani. Mtu huyo huona kwa kamera, huongea kwa maikrofoni na husogeza mikono ya roboti kupitia intaneti. Wapo wanaoendesha kwa macho tu. Na ujira ni wao.

Kinachonivutia zaidi ni uso. Mbunifu wake, Kentaro Yoshifuji, aliiga vinyago vya Noh, tamthilia ya Kijapani ya karne nyingi. Fundi hukichonga kinyago kwa mti wa hinoki, kisicheke wala kisinune. Mwigizaji akiinua kidevu kidogo, mwanga hukiangukia, kikaonekana kutabasamu; akiinama, kivuli huleta huzuni. Kwa OriHime, sauti ya mwendeshaji ndiyo humfanya mteja aone furaha au simanzi usoni.

Kwetu Afrika Mashariki, Rwanda ilileta roboti kutoka Ubelgiji mwaka 2020 kusaidia wagonjwa wa Korona. Walipewa majina ya Kinyarwanda kama Akazuba na Ikizere, ila umbo lilibaki la kigeni.

Lakini mafundi wa kutupa umbo letu wapo: mjini Kehancha, Kenya, kuna utamaduni wa litungu, ala ya nyuzi nane ya Wakuria, na fundi wake anajua mbao na sauti. Wahandisi wa vyuo vyetu, mkichora roboti wenu, mwiteni fundi huyo mapema, kabla ya kuagiza plastiki.