Kobe Ajizikaye Akiwa Hai

Mvua zikikoma katika nyanda za Voi, madimbwi hukauka moja baada ya jingine. Hata bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 katika Mto Voi, hukauka ukame uzidipo. Maji hugeuka tope, tope likapasuka vipande vipande, na apitaye hapo hudhani kuwa hakuna kilichosalia chenye uhai. Kumbe chini ya udongo ule huenda yumo kobe wa majini, naye hakufa.

Kobe huyu ni mdogo, gamba lake ni bapa, na kidevuni ana vindevu viwili vifupi. Hawezi kuvuta kichwa ndani ya gamba kama afanyavyo kobe wa nchi kavu, bali hukilaza upande. Chakula chake ni wadudu, vyura, samaki na mizoga. Tena ameonekana akiwabandua kupe vifaru waliojilaza majini.

Maji yapunguapo, hujichimbia katika tope lingali laini, akajifunika. Huko mwili wake hupunguza kazi zake zote: moyo hupiga polepole, na shahamu aliyoiweka wakati wa neema ndiyo posho yake. Tope lililomzunguka humkinga asikaushwe na jua. Mvua inyeshapo hutoka, akashika njia kutafuta maji.

Nchi za baridi nazo zina mfano wa jambo hili. Huko Marekani wako kobe ambao watoto wao huanguliwa mwishoni mwa majira ya joto, lakini wasitoke shimoni mpaka baridi ipite. Udongo huganda pande zote, na miili yao hupoa kupita kiwango cha maji kuganda. Hata hivyo maji yaliyomo mwilini hayageuki barafu. Hao hungoja joto, kama yule wa Voi angojavyo mvua.

Lakini akiba ya kobe ina kikomo. Mwaka 2022, baada ya mvua kukosekana misimu mfululizo, ndovu 205 walikufa nchini Kenya kati ya Februari na Oktoba, na Tsavo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Ukame urefukapo namna hiyo, aliye chini ya ardhi naye huishiwa.

Basi yafaa wakulima wachimbuapo mabwawa yao wakati wa kiangazi waangalie jembe linapopiga. Wakimkuta kobe, wasimwache juani, bali wamfukie tena kando, mahali penye kivuli na unyevu, mpaka mvua zirejee.