Je, Wajua? Tope Lililopanda Treni

Je, wajua kwamba maji ya mto yanaweza kung'aa huku sumu imelala chini kwenye tope? Muulize Hudson, mto wa New York! Kuanzia 1947 hadi 1977, viwanda viwili vya General Electric vya kutengeneza kapasita (ndiyo, kapasita, jamaa wa ile ya feni yako) vilimwaga humo kemikali za PCB zinazokadiriwa kufikia kilo 590,000.

PCB hazipendi maji, ndugu yangu. Hung'ang'ania tope na mafuta ya samaki. Mwaka 1973 bwawa la zamani la Fort Edward likabomolewa, na tope lililojikusanya nyuma yake likateremka na mto. Eneo lililotangazwa kuchafuka? Kilomita 320 za mto!

Unausafishaje mto kama huo? Unauchota! Kazi ilianza 2009 ikamalizika 2015, na zikatoka mita za ujazo milioni 2.1 za tope. Lori la mita za ujazo 10 lingepiga tripu 210,000, hebu fikiria.

Sogea uone ndoo yenyewe: chuma chenye mataya mawili. Inashuka taratibu, inauma tope, inafumba mdomo huko huko chini, ndipo inapanda, sumu isije ikatibuka na kusambaa. Matishari yakapeleka tope Fort Edward, mashine zikalikamua, maji yakasafishwa na kurudishwa. Tope lililokauka je? Likapanda treni! Mwaka wa kwanza lilisafiri mpaka jaa la Texas. Palipochimbwa pakamwagwa mchanga na changarawe safi, kisha pakapandwa mimea ya majini.

Na hili ndilo linaloniacha mdomo wazi. Kuna samaki mdogo wa Hudson aitwaye tomkodi. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza kwamba karibu tomkodi wote wa mto huo wana jeni iliyobadilika kidogo mno, pungufu ya herufi sita tu za DNA, na kwa hilo PCB haziwadhuru kama zamani. Miongo michache tu, msomaji, na samaki kageuka! Lakini usimfurahie upesi: sumu bado imo mwilini mwake, na samaki mkubwa anayemmeza anaimeza nayo.

Ndiyo maana sehemu ya juu ya Hudson, iliyofungwa kwa wavuvi 1976, ilifunguliwa 1995 kwa sharti moja: ukimvua samaki, mrudishe majini.