Shujaa Aliyegeuka Mhaini: Benedict Arnold (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimwona Benedict Arnold akiiteka ngome ya Ticonderoga mwaka 1775, kisha akijeruhiwa mguu wa kushoto huko Quebec. Wamarekani waliokuwa wakiupigania uhuru wao walimhesabu miongoni mwa makamanda wao hodari.

Februari 1777 Bunge lao liliwapandisha maafisa watano kuwa meja jenerali. Wote walikuwa wadogo kwa Arnold katika utumishi, naye akaachwa. Alielezwa kwamba jimbo lake, Connecticut, tayari lilikuwa na meja jenerali wawili. Aprili alipigana Ridgefield hadi farasi wake akauawa, ndipo akapewa cheo. Hata hivyo, wale watano walibaki kuwa wakubwa wake.

Vita vya Saratoga, mwaka huohuo, vikatonesha kidonda. Baada ya mapigano ya Septemba 19, Jenerali Horatio Gates alipeleka taarifa bila kumtaja Arnold. Wakagombana vikali, Gates akamvua uongozi. Oktoba 7, aliposikia vita vimepamba moto, Arnold alirukia farasi akaenda mstari wa mbele bila ruhusa, akawaongoza askari kuvamia boma la Wajerumani waliokodiwa na Uingereza. Risasi ikauvunja mguu uleule.

Siku kumi baadaye jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Burgoyne lilisalimu amri. Medali ya dhahabu alipewa Gates.

Ni dhahiri kwamba Arnold alidhulumiwa. Lakini dhuluma peke yake haielezi uhaini wake, kwa kuwa kabla mwaka 1777 haujaisha Bunge liliamua arudishiwe ukubwa wake. Mwaka 1778 alikabidhiwa mji wa Philadelphia. Huko aliishi kifahari, madeni yakamlemea, na viongozi wa Pennsylvania wakamshtaki kwa kutumia madaraka kujinufaisha. Kila shtaka alilipokea kama tusi jipya juu ya yale ya zamani.

Mei 1779, mwezi mmoja baada ya kumwoa Peggy Shippen, alianza kuwasiliana na Waingereza kwa siri. Wakati huo mahakama ya kijeshi ilikuwa haijamhukumu kwa mashtaka ya Pennsylvania. Katika mazungumzo hayo alijadiliana bei ya usaliti wake, na kwa ngome ya West Point alitaka pauni 20,000. Hapo madai ya heshima yalikuwa yamegeuka biashara.

Sehemu ijayo: West Point, na karatasi zilizofichwa ndani ya soksi za Meja John André.