Kopo lipo, historia haipo: Kampuni ndogo ya utafiti Mtwara ijengeje kanzidata ya stoo yake?

Kopo lenye kaa wa mikoko linatolewa kwenye kabati la stoo. Ndani kuna ethanoli na kaa mwenyewe bado yuko vizuri. Tatizo liko kwenye lebo: wino umeyeyuka, yamebaki madoa ya bluu.

Kaa huyo alichukuliwa wapi? Wakati wa kusi au wa kaskazi? Nani alimchukua? Hakuna anayejua. Basi hapo hakuna sampuli tena, kuna kaa kwenye kopo tu.

Jambo kama hili linaweza kuikuta kampuni yoyote ndogo ya utafiti. Kwa wanaofanya kazi Mnazi Bay, mkoani Mtwara, hasara yake inazidi sana bei ya kopo.

Kwa nini Mnazi Bay?

Gesi asilia iligunduliwa hapo mwaka 1982. Mwaka 2000 eneo hilohilo likaingizwa kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650. Yaani matumbawe, mikoko, nyasi bahari, visima vya gesi na vijiji vya wavuvi kama Msimbati, vyote viko jirani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Mvuvi akiuliza kama maji yamebadilika, jibu linapatikana kwa kulinganisha sampuli ya zamani na ya leo. Sampuli ya leo ikiharibika, kesho boti itarudi baharini. Ya miaka mitano iliyopita haichukuliwi upya.

Ndiyo maana stoo ya kampuni ya watu watano au sita inahitaji kanzidata, yaani majedwali yaliyounganishwa na yenye masharti. Daftari peke yake halitoshi, na faili moja la Excel ambalo kila mtu ana nakala yake pia halitoshi.

Kosa la kwanza: kuandika salio

Stoo nyingi zina orodha ya namna hii: ethanoli, lita 20. Wiki ijayo mtu anafuta 20 anaandika 14. Lita sita zimekwenda wapi? Orodha haisemi, imeshafutwa.

Mkulima wa korosho Mtwara hawezi kukubali hesabu hiyo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, anajua kwamba mzigo ukifika unapimwa, unapewa daraja na unaandikiwa karatasi. Kila hatua ina ushahidi wake.

Kanzidata nzuri ya stoo inafuata akili hiyohiyo. Inaandika mwendo wa kitu, salio inalipiga yenyewe. Mfano wa ethanoli:

- Jumatatu: zimeingia lita 20
- Jumatano: zimetoka lita 6, safari ya Msimbati
- Ijumaa: zimerudi lita 2
- Mwisho wa mwezi: imepungua lita 1, imevukiza

Salio ni lita 15, na hakuna aliyeliandika kwa mkono. Lita iliyovukiza nayo ina mstari wake. Wakulima wa korosho wana neno la kupungua kwa namna hii ghalani: unyaufu. Usipokuwa na mahali pake kwenye mfumo, mtunza stoo ataonekana mwizi.

Majedwali matano yanatosha kuanzia

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM nchini Marekani, alichapisha wazo la kupanga taarifa kwenye majedwali yanayohusiana. Kanuni iliyokuja kujengwa juu ya wazo hilo ni kwamba kila jambo liandikwe mahali pamoja tu, na kwingine litajwe kwa namba yake.

Kwa stoo ndogo majedwali ni haya:

1. Vitu: ethanoli, chupa za sampuli, kipima chumvi, nyavu. Kila kimoja na kipimo chake, lita au idadi.
2. Matoleo: bechi ya kitu hicho, ilinunuliwa lini na inaisha muda lini.
3. Mahali: stoo, friza, rafu, boksi. Pia vituo vya kuchukulia sampuli.
4. Watu: nani anaruhusiwa kuingiza na kutoa.
5. Mienendo: kitu gani, kiasi gani, kutoka wapi kwenda wapi, nani, lini.

Kitu na toleo visichanganywe. Chupa mbili za kemikali moja zinaweza kufanana kabisa, kumbe moja imeisha muda mwezi uliopita. Mfumo ukijua matoleo, unamwambia mtunza stoo aanze na ile inayokaribia kuisha muda. Na siku vipimo vya maabara vikileta majibu ya ajabu, unaonyesha ni sampuli zipi zilipimwa kwa bechi ileile.

Sampuli nazo zinahitaji jedwali lao la sita, kwa sababu huwa zinagawanywa. Lita moja ya maji inaweza kutoa vichupa vinne: kimoja kinapelekwa maabara, viwili vinabaki friza, kimoja kinatumika. Kila kichupa kipewe namba yake na kitaje namba ya mama yake. Hivyo, hata kikifika Dar es Salaam, ukoo wake unajulikana.

Mitego ya nyumbani

Kuna mambo ambayo programu ya kununua kutoka nje haiyajui.

La kwanza ni majina. Mto mmoja mpakani unaandikwa Ruvuma upande wa Tanzania na Rovuma upande wa Msumbiji. Kila mtu akiandika anavyojua, kompyuta itahesabu mito miwili. Dawa yake ni kuchagua jina kwenye orodha, isiwe kuliandika upya kila safari.

La pili ni saa. Msaidizi akiandika "saa 3 asubuhi" na mfumo ukapokea 3:00, kosa ni saa sita nzima. Pwani hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, hivyo saa sita zinatosha kugeuza maji kujaa yakawa maji kupwa. Kosa dogo la saa linaharibu maana ya kipimo kizima. Afadhali saa ichukuliwe kwenye simu yenyewe, kwa mtindo wa saa 24: 09:00.

La tatu ni lebo. Ethanoli inayeyusha wino wa kalamu nyingi. Watafiti wanaandika kwa penseli kwenye karatasi isiyoharibika kwa maji, kisha wanaitumbukiza ndani ya kopo. Lebo ya nje inaweza kuwa na msimbo wa kuskani kwa simu, ila ya ndani isikosekane.

Bila mtandao itakuwaje?

Boti ikiwa majini, mtandao unaweza kukata. Simu mbili zisizowasiliana zinaweza kutoa namba 101 kwa sampuli mbili tofauti. Suluhisho ni rahisi: namba zichapishwe ofisini kabla ya safari. Timu ya kwanza ichukue lebo 101 hadi 150, ya pili 151 hadi 200. Zinazorudi bila kutumika zifungwe kwenye mfumo.

Programu za kuanzia hazidai hela. SQLite, iliyotoka mwaka 2000, ni kanzidata ya faili moja na imo tayari ndani ya simu za Android na iPhone. Mtu anayesoma hapa kwa simu ameishika mkononi. Kwa stoo yenye mtu mmoja wa kuandika, inatosha kabisa. Watu wakiwa wengi na wanaandika kwa wakati mmoja, PostgreSQL inafaa zaidi, na nayo ni ya bure.

Gharama halisi ni nidhamu ya nakala. Nakala moja iwe ofisini, nyingine kwenye diski inayotunzwa jengo tofauti, ya tatu mtandaoni bando likiwepo. Na mara moja moja nakala hizo zifunguliwe kuona kama zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Mfumo ujue kukataa

Hapa ndipo kanzidata inapolishinda daftari. Inaweza kukataa kutoa lita 10 wakati zimebaki 8. Inaweza kukataa kutoa toleo lililoisha muda. Inaweza kukataa sampuli isiyo na mahali wala tarehe.

Jambo moja zaidi: mienendo isifutwe. Aliyekosea aandike mstari mwingine wa kusahihisha, na sababu. Wahasibu wamefanya hivyo miaka mingi, kwa sababu kilichofutwa hakiwezi kukaguliwa.

Ukaguzi wenyewe si wa kufikirika. Kemikali nchini zinasimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Siku kampuni ikiulizwa formalini ilitumikaje, jibu la "tulimaliza" halitamsaidia mtu.

Pa kuanzia

Hakuna haja ya kusubiri mtaalamu. Jumamosi moja, watu wawili wafunge stoo na kuhesabu kila kitu: mmoja ahesabu, mwingine aandike. Hesabu hiyo ndiyo mwendo wa kwanza kwenye mfumo. Kuanzia Jumatatu, hakuna kinachotoka bila mstari.

Makopo ambayo hayana historia yatengwe kwenye boksi lake, yaandikwe "asili haijulikani". Yasitupwe, yanaweza kufundishia wanafunzi. Ila yasirudi tena kwenye ripoti, maana siku wavuvi wa Msimbati wakitaka kujua bahari yao ilikuwaje, kopo lisilo na historia halitawajibu.