Je, Wajua? Stadi za hisia na mimba za utotoni

Je, wajua kuwa mpango mmoja wa Marekani ulipunguza mimba za utotoni bila kufundisha sana habari za ngono? Katika mpango huo, uitwao Teen Outreach, wanafunzi walijitolea hospitalini na kwenye nyumba za wazee, kisha wakajadili darasani hisia, uhusiano na maamuzi yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa asilimia 4.2 ya wasichana walioshiriki walipata mimba katika mwaka wa masomo wa mpango, dhidi ya asilimia 9.8 ya wenzao wasioshiriki. Labda walioshiriki walikuwa watulivu tangu awali? Hapana, makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu. Pingamizi zito ni kwamba majaribio ya baadaye kwingineko yalitoa matokeo yanayotofautiana. Ndiyo maana kila mpango unapaswa kupimwa upya unakopelekwa, tena kwa mimba zenyewe, si kwa ahadi ambazo wasichana huandika siku ya kufunga mafunzo.